Wakubwa wa njia, pimeni dakika kabla ya kununua kamera

Barua ya wazi kwa Waziri wa Miundombinu na Kazi za Umma, Kinshasa. Kwa Serikali ya Jimbo la Haut-Katanga, Lubumbashi. Kwa Ofisi ya Barabara. Kwa Polisi ya Barabarani. Na kwa kampuni zote zinazopewa kazi kwenye njia za Lubumbashi, Kasomeno, Kasenga na Pweto.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka Kasomeno, pale njia inayotoka Lubumbashi inapogawanyika: mkono mmoja unakwenda Kasenga kwenye mto Luapula, mwingine unapanda kuelekea Pweto. Nina ombi moja, nalo ni dogo kuliko mengi mnayoletewa kutoka jimbo hili. Popote njia inapochimbwa, inapokwanguliwa au kumwagiwa kokoto, wekeni kikomo cha mwendo ambacho dereva atakiamini, kisha kipimeni kwa saa na daftari. Msianze na kamera. Na atakayekivunja asitozwe hata franka moja. Asimamishwe kando, angoje.

Najua hilo la mwisho linasikika kama mzaha. Nitalifikia.

Njia hii ni ya watu wenye haraka tangu zamani. Enzi za Wabelgiji, samaki wa Luapula na wa ziwa Mweru walipita hapa kwenda kulisha wachimbaji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na Wagiriki walioshika biashara hiyo pale Kasenga walijua kwamba barafu haimngoji mtu. Dereva wa leo mwenye makasha ya samaki ana hofu ileile waliyokuwa nayo. Nyuma yake wanakuja wenye makaa, wenye mahindi, wenye mihogo, na mabasi yaliyojaa watu mpaka mlangoni.

Sasa kuna jambo kubwa zaidi. Mradi wa njia ya kulipia ya Kasomeno–Mwenda, uliokabidhiwa kampuni ya GED Africa kwa mkataba wa miaka 25, unakusudia kuiunganisha njia panda yetu na Mwenda, katika jimbo la Luapula nchini Zambia. Ni kilomita zipatazo 180 kwa jumla, pamoja na daraja juu ya mto. Kusudi lake mnalijua kuliko mimi: kuwapa wenye makamio, yaani malori, pa kupita mbali na foleni za Kasumbalesa, na kufupisha safari ya shaba na kobalti kwenda bandari ya Dar es Salaam. Hatuupingi. Nani anapinga lami? Lakini njia haigeuki lami usiku mmoja. Kati ya vumbi la leo na lami ya kesho kuna miezi, pengine miaka, ya mashine, mashimo, njia za kando na watu wanaofanya kazi wima katikati ya magari. Ni miezi hiyo ninayoizungumzia. Ninazungumzia pia kazi ndogondogo za kila mwaka, greda inapokuja, ikakwangua kilomita chache, ikaondoka.

Nianze na jambo ambalo kila dereva analijua na ambalo mtu anayepanga mabango akiwa ofisini hulisahau. Njia ya udongo mwekundu ikikanyagwa na makamio mazito kwa wiki kadhaa bila greda, hujikunja mikunjo midogomidogo kama ubao wa kufulia. Ukipita juu yake kwa kilomita 30 kwa saa, gari linatetemeka mpaka nati zinalegea na abiria wa nyuma wanagonga vichwa kwenye paa. Ukiongeza mwendo mpaka 70 au 80, mtetemo unapungua, kwa kuwa gurudumu linaruka kutoka kilele hadi kilele bila kuingia bondeni. Kwa hiyo anayekimbia kwenye njia mbovu si mwendawazimu. Analinda springi zake. Ubaya ni kwamba gurudumu linaloruka halishiki ardhi, na lisiposhika ardhi halifungi breki wala halikati kona. Mtoto akikatiza mbele, dereva anakanyaga breki na gari linaendelea kana kwamba hakukanyaga kitu.

Weka hapo kazi ya barabara. Mkandarasi anafunga njia, magari anayaelekeza kwenye njia ya kando iliyofyekwa porini wiki iliyopita. Hiyo ndiyo inayojikunja haraka kuliko zote, maana haikushindiliwa. Mwanzoni mwake linasimamishwa bango la 40. Dereva anasoma, anajaribu kutii, gari linalia, anatazama mbele haoni mfanyakazi hata mmoja, anakanyaga mafuta. Bango hilo limemaliza kazi yake, na yatakayofuata mbele hatayasoma.

Kwa hiyo, waheshimiwa wakandarasi, kikomo cha mwendo kinaanza na nyinyi kabla hakijamfikia dereva. Mkitaka aende 40, mpeni njia ya kando inayopitika kwa 40. Greda ipite huko mara kwa mara, si siku ya kufungua peke yake. Kuweka bango juu ya njia inayovunja gari ni kumwambia mtu achague kati ya amri yenu na riziki yake, na jibu lake mnalijua.

Halafu vumbi. Kuanzia Mei mpaka mvua za kwanza, kila gari hapa linaburuta nyuma yake ukuta wa vumbi. Mwenye lami mlangoni hudhani vumbi ni uchafu tu, jambo la kufua na kupangusa. Aje asimame ukingoni alasiri, makamio mawili yanapopishana. Kwa kitambo kizima haoni ng'ambo ya njia. Na ndani ya wingu hilo kuna watu: kijana anasukuma baiskeli yenye magunia ya makaa yaliyomzidi kimo, mkono mmoja kwenye usukani na bega kwenye gunia, mama anaanua mihogo aliyoianika kando ya njia, sasa ina rangi ya tofali, wanafunzi wamejibanza kwenye nyasi, mashati meupe yameshakuwa ya kahawia kabla ya kengele ya kwanza. Kamio la tatu linaingia humo. Dereva wake haoni kitu, ila anajua kwamba akipunguza mwendo atameza vumbi la mwenzake mpaka Kasenga. Anaamua kulipita lililo mbele. Analipita kwa kubahatisha.

Na huenda dereva huyo ameketi upande usiomsaidia. Sisi tunaendesha kulia. Zambia na Tanzania ni kushoto. Kamio lililotoka Dar es Salaam lina usukani upande wa kulia, ambao huku kwetu ndio upande wa ukingo wa njia. Akitaka kulipita gari, lazima atoe pua nzima ya kamio nje ndipo aone kinachokuja, au amtegemee utingo aliyeketi kushoto amwambie, “Pita, kaka.” Kwenye lami pana yenye mistari hilo ni usumbufu. Kwenye nusu ya njia iliyobanwa kati ya rundo la kokoto na mtaro ni kamari, na anayewekwa rehani mara nyingi ni yule mwenye koti la rangi ya machungwa aliyeshika bendera.

Hesabu haina chama. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde, na sekunde moja hivi ndiyo muda ambao dereva aliye macho huhitaji kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa 40 ni mita 11. Kisha breki zenyewe: ukipunguza mwendo kwa nusu, umbali wa kusimama tangu breki iliposhika unashuka mpaka robo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo hupanda kwa asilimia kama 4. Ripoti yake ya mwaka 2023 ilitaja vifo vya barabarani milioni 1.19 kwa mwaka duniani kote, kanda ya Afrika ikiwa na kiwango cha juu kuliko kanda zote kwa idadi ya watu wake, sisi ambao magari yetu ni machache.

Na tunachopoteza kwa kwenda taratibu? Kipande cha kazi chenye kilomita 3, kwa mwendo wa 80, kinapitwa kwa dakika mbili na robo. Kwa 40, dakika nne na nusu. Hakuna samaki aliyewahi kuoza kwa dakika mbili na robo. Dereva naye hana ujinga, hili analijua. Kinachomsukuma ni jumla ya mambo yote ya safari, tairi lililopasuka, bariere tatu, foleni ya kupakia, na tajiri anayepiga simu kila saa kuuliza umefika wapi. Mwendo ndio kitu pekee kilicho chini ya mguu wake.

Sasa kamera. Nimesikia watu wa heshima wakisema dawa ya haya yote ni kamera za mwendo kama za wenzetu. Tuwatazame wenzetu, basi.

Tanzania wana tochi. Ndivyo madereva wanavyokiita chombo cha mkononi cha kupimia mwendo. Askari anapiga picha kutoka pembeni, picha inarushwa kwa simu kwa mwenzake aliye mbele, dereva anasimamishwa, faini shilingi 30,000. Kwenye miji na vijiji ambako kikomo ni 50, tochi imewafunza watu adabu, sikatai. Lakini keti na dereva wa Dar anapokula ugali hapa njia panda, umuulize. Atakutajia vichaka vyote vya tochi toka Kibaha mpaka Tunduma, na kati ya kichaka na kichaka hana habari na kikomo.

Rwanda waliweka kamera, wananchi wakazibatiza jina Sofia. Malalamiko yakawa kwamba mtu hajui ni wapi 60 inageuka 40, faini tu ndiyo inayomjulisha. Mwaka 2021 Rais Kagame mwenyewe alisema hadharani kwamba vikomo vile vilikuwa vya chini mno. Uganda walianza faini za kamera katikati ya 2025. Baada ya wiki chache tu wizara ikausimamisha mfumo, kelele zilipokuwa nyingi, hasa juu ya vikomo vya 30 na uzito wa faini. Haya ni mataifa yenye usajili mzuri wa magari na simu zinazopokea ujumbe wa deni papo hapo. Hata hivyo kamera iliwashinda pale kikomo kilipokosa maana machoni pa dereva.

Uingereza, ambako kazi za barabara kuu huwekewa kamera mwanzo na mwisho, walishika kwa miaka kikomo cha maili 50 kwa saa karibu kila penye kazi. Wakafanya majaribio, wakapima hata mapigo ya moyo ya madereva, na tangu 2020 wakaruhusu 60 mahali panaporuhusu. Hawakuwa wamechoka kuwalinda wafanyakazi wao. Waliona kwamba kikomo kinachofanana na hali ya mahali hakimsumbui dereva, naye anakifuata.

Sisi tuko wapi? Kamera inataka umeme usiokatika, mtandao, namba ya gari iliyosajiliwa kwa jina la mtu aliye hai na anayejulikana anakokaa, na ofisi ya kumpelekea barua. Makamio ya njia hii yamesajiliwa Lubumbashi, Ndola, Dar es Salaam. Faini iliyoandikwa Kasomeno itamfuata nani huko Dar es Salaam? Na ndani ya vumbi nililolieleza, kamera itapiga picha ya vumbi.

Kuna sababu nyingine, hii naisema kwa heshima lakini bila kuificha. Watafiti waliochunguza kwa karibu kikosi cha polisi wa barabarani cha Kinshasa walikuta kwamba mapato yake halisi yalikuwa mara tano ya yale ya faini. Sisemi hivyo ili kuwatukana askari wetu, ambao mshahara wao sote tunaujua. Nasema kwamba adhabu ya pesa, ikipokelewa kando ya njia na mtu mwenye njaa, inageuka bei. Dereva anaijua bei, anaiweka kwenye hesabu za safari pamoja na mafuta, na anakimbia. Kinshasa hiyohiyo ilipoweka maroboti ya kuongoza magari mwaka 2013, kazi ya mhandisi wetu Thérèse Izay Kirongozi na wenzake, watu wengi waliyasifu kwa jambo moja: roboti haliombi kitu. Sifa hiyo ilipaswa kutuumiza zaidi ya ilivyotuchekesha.

Ndiyo maana nikasema asitozwe. Asimamishwe.

Adhabu ya muda ni mgeni huko Ulaya. Huku kwetu ni mwenyeji. Mvua ikinyesha, bariere ya mvua inashuka. Mara nyingi ni gogo tu, au bomba la chuma juu ya nguzo mbili za mbao, na mtu mmoja aliyejifunika plastiki. Kamio la tani 30 linasimama hapo mpaka udongo ukauke. Hakuna risiti wala mahakama. Watu wananung'unika, na wapo wanaojaribu kumlainisha mlinzi, lakini utaratibu huu umedumu toka ukoloni kwa kuwa sababu yake inaonekana kwa macho: gurudumu likipita leo, kesho hakuna njia. Kwa hiyo Serikali hii inajua namna ya kumsimamisha dereva ili kuuokoa udongo. Ninaomba imsimamishe pia kwa ajili ya yule anayeushindilia.

Utaratibu wenyewe ungekuwa hivi. Kila kipande cha kazi kiwe na bariere mwanzo na mwisho. Kwenye kila moja akae kantonye, yaani kibarua wa kutunza njia, mwenye saa, ikilinganishwa na ya mwenzake kila asubuhi kabla ya kazi, na daftari la shule. Gari likifika, anaandika namba yake na saa kwenye daftari, na anayaandika hayohayo kwenye kikaratasi anachompa dereva. Mwisho wa pili kikaratasi kinasomwa. Kipande kikiwa cha kilomita 6 na kikomo ni 40, hakipitwi chini ya dakika 9. Mtu ameingia saa nne na dakika 10, ametokeza saa nne na dakika 15: amekuja kwa zaidi ya 70, na hakuna haja ya kubishana, karatasi iko mkononi mwake mwenyewe. Dakika moja asamehewe, maana saa si malaika. Zaidi ya hapo bariere haimfungukii. Anaegesha kando nusu saa, injini imezimwa, anawatazama wale aliowapita kwa fujo wakipita mmojammoja, wengine wakimpungia mkono.

Nusu saa hiyo inamwuma mwenye samaki kuliko noti yoyote. Na haiwezi kuingia mfukoni mwa mtu.

Kamera za Uingereza nilizozitaja hufanya kazi hiyohiyo: zinasoma namba ya gari mahali pa kwanza, zinaisoma tena mahali pa pili, zinagawanya umbali kwa muda. Tofauti ni umeme na bei. Na kwa kumngojesha mtu badala ya kumtoza, hatutakuwa wa kwanza: mwaka 2019 polisi wa Estonia walijaribu kwenye barabara ya kutoka Tallinn kwenda Rapla. Aliyekamatwa akikimbia alichagua, faini au kusimama kando dakika 45, na saa nzima kama alizidisha sana. Wao walifanya kwa majaribio. Sisi tunafanya kila mvua inyeshapo, ila hatujawahi kufikiri kwamba ni elimu.

Nasikia mtu akisema: dereva atakimbia kilomita tano, kisha atangoja chini ya mti dakika zitimie. Wachache watafanya hivyo wiki ya kwanza. Lakini kukimbia ili ukangoje ni kazi ya bure, na madereva si watu wa kuchoma mafuta bure. Mwingine atasema kantonye naye atahongwa ili aandike saa ya uongo. Anaweza. Ila kuna madaftari mawili kwenye ncha mbili, kuna kikaratasi, na kuna foleni ya madereva wenzake wanaotazama, na hakuna jicho kali kama la dereva aliyekwenda taratibu anapomwona mkimbiaji akifunguliwa. Kila jioni madaftari mawili yalinganishwe mbele ya mtu wa kamati ya kijiji ya kutunza njia. Wizi hautakwisha, lakini utakuwa wa dakika, tena mbele za watu.

Kuhusu mshahara wa makantonye hao, mna FONER, Mfuko wa Taifa wa Matengenezo ya Barabara ulioundwa mwaka 2008, unaokula kwenye kila lita ya mafuta tunayonunua. Mna pia bajeti ya usalama ndani ya kila mkataba wa ujenzi. Watu wanne kwa zamu mbili hawataufilisi mradi wa mamilioni ya dola. Gari la wagonjwa lipite bila kikaratasi, na la maiti pia, kwa heshima.

Kisha kikomo chenyewe. Msiweke namba moja kila mahali. Penye wafanyakazi na mashine, 40. Penye shule, zahanati na soko la njia panda, 30, iwe kuna kazi au hakuna. Pasipo na mtu wala shimo, acheni. Na kazi ikihamia mbele, bango lihame nayo jioni hiyohiyo. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo kosa la kila mradi niliouona kwenye njia za Katanga: mashine zinaondoka, mabango yanabaki. Mahali pengine bado unakuta pipa lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe, limeanguka kwenye nyasi, linaamuru 30 mbele ya njia nyoofu isiyo na kitu tangu mwaka juzi. Kila anayelipita anajifunza kudharau. Kampuni iliyoliacha sitaitaja. Ilishalipwa na kuondoka.

Bango liandikwe kwa Kifaransa, na chini yake Kiswahili: PUNGUZA MWENDO, WATU KAZINI. Dereva wa Mbeya hajui “ralentir”. Wa hapa kwetu anaijua, ila ameizoea mno.

Maji. Kabla ya kila kijiji kilicho ndani ya kazi, kamio la maji limwagilie njia asubuhi na mchana wakati wa kiangazi. Ninajua maji ni gharama na mto haupo kila mahali. Lakini kati ya vitu vyote mnavyoweza kununua kwa ajili ya usalama wa njia hii kuanzia Mei hadi Oktoba, sioni kinachoshinda maji. Vumbi likitulia, dereva anaona. Akiona, nusu ya kazi ya bango imekwisha.

Usiku ni habari nyingine, nitaisema kwa ufupi. Mitaro iliyochimbwa na kuachwa wazi bila kitu kinachong'aa, makamio yaliyoharibika yaliyotegewa matawi tu kama onyo, mawe ya kuzuia magurudumu yaliyobaki katikati ya njia mwenyewe akishaondoka. Haya hayatibiwi na kikomo. Yanatibiwa na utepe unaong'aa na mlinzi aliye macho, na kama mkandarasi hawezi kuvipata, basi afunge kipande hicho giza likiingia. Watu walale njiani. Tumezoea.

Peaji, yaani vituo vya malipo vya njia ya Kasomeno–Mwenda, itakapoanza kufanya kazi kikamilifu, jambo litakuwa rahisi zaidi. Tiketi ya kuingia itakuwa na saa juu yake, na ya kutokea pia. Mwenye kupokea pesa za njia kwa miaka 25 atakuwa na kumbukumbu ya mwendo wa kila gari bila kununua kifaa hata kimoja cha ziada. Ninaomba jambo hilo liandikwe sasa, wakati kalamu bado ziko mezani, kwamba saa za kwenye tiketi ni za kupimia mwendo pia, na kwamba atakayefika mapema mno atangoja. Mwenye peaji hupata faida magari yakipita mengi na upesi. Asiachiwe yeye peke yake aamue upesi ni kiasi gani.

Kitu kimoja hatuwezi kujitengenezea wenyewe huku. Kanuni ya Barabara ya nchi hii ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na kantonye hawezi kumsimamisha dereva kwa nusu saa akiwa na daftari peke yake. Anahitaji amri yenye muhuri, ya wizara au ya jimbo, inayotaja vipande vya kazi, kikomo cha kila kimoja, na muda wa kungoja. Ukurasa mmoja unatosha. Nakala yake ibandikwe kwenye kila bariere, na nyingine wapewe askari wa barabarani ili wasije kumtoza tena mtu aliyekwisha kungoja.

Mkitaka kujaribu kabla ya kukubali, jaribuni kwenye kipande kimoja kwa mwezi mmoja wa kiangazi. Kabla ya mwezi huo, mtu wenu akae siku chache akiandika saa za magari bila kumsimamisha yeyote, ili mjue wanapita kwa mwendo gani sasa. Kisha mlinganishe. Mkiona hakuna tofauti, nitaandika barua nyingine kuomba kamera, na nitaisaini kwa mkono huuhuu.

Tunaomba jibu litangazwe kwenye redio za Lubumbashi na Kasenga, kwa sababu barua zinazopitia ofisini hutufikia zikiwa zimechelewa, na wengi wanaohusika hawasomi Kifaransa. Tungependa lije kabla ya mvua za Novemba, maana kazi nyingi hurudi mara tu mvua zinapokatika, na daftari likikosa kuwa tayari siku greda inashushwa, litasahauliwa mpaka kazi iishe.

Wenu,

Mkaaji wa Kasomeno, njia panda ya Kasenga na Pweto